Kupiga picha wanyama na ndege wa pori Mashariki mwa Kongo: faida, hatari na kanuni

Mwanzoni mwa mwaka 2024, picha za ndege moja kutoka milima ya Itombwe, katika jimbo la Kivu ya Kusini, zilizunguka dunia yote. Ndege yenyewe ni mweusi, lakini kichwani ana manyoya ya manjano yenye kung'aa, sawa vile kofia. Wataalamu wanamwita kwa jina la kisayansi Prionops alberti. Kwa karibu miaka 20 walikuwa wamemuweka kwenye liste ya ndege "waliopotea", juu hakuna mtafiti aliyekuwa amehakikisha kumuona.

Watafiti wa University of Texas at El Paso, wakiwa pamoja na wale wa kituo cha utafiti cha Lwiro, CRSN, walitembea wiki 6 katika misitu hiyo, kati ya mwezi wa 12 mwaka 2023 na mwezi wa kwanza 2024. Walimukuta ndege huyo na wakahesabu 18. Kufwatana na watafiti hao, picha walizopiga ni za kwanza kabisa za ndege huyo.

Ndege hakuwa amepotea. Alikuwa kwake, juu ya milima. Vita na ukosefu wa njia njo vilizuia watu wenye apareyi kufika. Habari hiyo inaonyesha mambo mawili: Mashariki mwa Kongo kungali wanyama wenye dunia haijawaona vizuri, na picha moja tu inaweza kubadilisha namna watu wanafikiri juu ya pori nzima.

Lakini picha inaweza pia kuharibu. Inaweza kuonyesha wawindaji haramu njia, kuleta magonjwa kwa gorila, ao kumuweka mwenye kupiga katika shida na watu wenye silaha. Makala hii inaeleza kazi ya kupiga picha wanyama wa pori katika majimbo ya mashariki: historia yake, vyombo vyake, kanuni zake, na mambo mkaaji wa kawaida mwenye telefone yake anapaswa kujua.

Picha na ugunduzi: tangu vibao vya vioo mpaka telefone

Kati ya mwaka 1909 na 1915, jumba la makumbusho la American Museum of Natural History la New York lilituma watu wawili katika misitu ya kaskazini-mashariki mwa Kongo: Herbert Lang na James Chapin. Lang alipiga maelfu ya picha za watu, vijiji na wanyama. Wakati ule apareyi ilikuwa nzito, na picha ziliingia juu ya vibao vya vioo. Wapagazi walibeba vibao hivyo kwa miguu, katika mvua na unyevu wa Ituri.

Katika safari hiyo, mwaka 1913, Chapin alipata unyoya moja kwenye kofia ya mkaaji wa Ituri na hakujua ni wa ndege gani. Aliuchunga zaidi ya miaka 20. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa, wenye watu walifikiri ni tausi wa India. Manyoya yalilingana. Hivyo njo tausi wa Kongo alijulikana katika sayansi. Ni tausi peke yake mwenye asili ya Afrika, na anaishi katika misitu ya Kongo tu.

Okapi naye alikaa muda mrefu bila kupigwa picha porini. Sayansi ilimpa jina mwaka 1901, lakini ni mnyama wa haya, anatembea peke yake katika kivuli, na masikio yake makubwa yanasikia mtu kutoka mbali. Ndani ya parki ya Virunga hakukuwa habari yake tangu mwaka 1959, mpaka watafiti walipoona alama zake mwaka 2006. Mwaka 2008, apareyi zilizofungwa kwenye miti na shirika la Zoological Society of London pamoja na ICCN zilimkamata usiku akipita. Shirika hilo lilitangaza kwamba hizo njo picha za kwanza za okapi akiwa huru porini.

Kisa cha tatu ni cha lesula, nyani mwenye uso mrefu na macho sawa ya mtu. Mwaka 2007, kikundi cha watafiti kilichokuwa kinafanya kazi kando ya mto Lomami kilimukuta lesula mdogo huko Opala, amefungwa kwenye nyumba ya mkubwa wa shule ya msingi. Walimupiga picha. Wakaaji walimujua zamani na walikuwa na jina lake; ni wataalamu tu hawakumujua. Picha ile ilianzisha utafiti wa miaka 5, na mwaka 2012 lesula alitangazwa kuwa aina mpya kwa sayansi. Mwaka 2016 serikali iliunda parki ya Lomami, katika majimbo ya Tshopo na Maniema, na misitu ya lesula ni kati ya sababu zilizotajwa.

Picha ya Rugendo na picha ya Ndakasi

Mwezi wa 7 mwaka 2007, watu waliwaua gorila wa jamaa ya Rugendo ndani ya parki ya Virunga. Hawakuchukua nyama wala vitoto. Walipiga risasi na kuacha maiti. Kati ya waliokufa kulikuwa mzee wa jamaa, mwenye mgongo mweupe, jina lake Senkwekwe. Mpiga picha wa Afrika ya Kusini, Brent Stirton, alikuwa pale wakati wakaaji na walinzi walimubeba Senkwekwe juu ya miti, mikono na miguu imefungwa, wakipita katikati ya mashamba.

Picha hiyo ilitoka katika magazeti makubwa ya dunia na ikapata zawadi ya World Press Photo. Ilifanya watu wengi waulize nani anafaidika na kifo cha gorila. Jibu lilielekea kwenye biashara ya makala: pori ikikatwa kwa ajili ya makala, gorila na walinzi wake wanakuwa kizuizi. Hivyo picha moja ilileta kwenye meza mambo yenye wakaaji wa Rutshuru na Nyiragongo walikuwa wanajua zamani.

Mwaka ule ule, walinzi waliokota kitoto cha gorila chenye miezi 2, kimeshikilia mwili wa mama yake aliyeuawa. Walikiita Ndakasi. Kililelewa Rumangabo, kwenye kituo kilichopewa jina la Senkwekwe, na mlinzi André Bauma. Mwezi wa 4 mwaka 2019, selfie ya mlinzi moja na Ndakasi pamoja na mwenzake Ndeze, wamesimama wima kama watu, ilipendwa na watu wa dunia nzima. Ndakasi alikufa tarehe 26 mwezi wa 9 mwaka 2021, akiwa katika mikono ya Bauma.

Hata hivyo, picha ile ya 2019 ilileta swali. Parki ilieleza kwamba Ndakasi na Ndeze ni yatima waliolelewa na watu, na kwamba mtu hana ruhusa ya kukaribia hivyo gorila wa porini. Onyo hilo lilikuwa na sababu. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 uliangalia mamia ya picha zenye watalii waliweka kwenye Instagram kiisha kutembelea gorila wa milima. Picha nyingi zilionyesha watalii wakiwa karibu kuliko meta 4. Mtu akiona picha kama hizo, anafikiri kwamba kusimama karibu na gorila ni jambo la kawaida, na siku akifika naye anataka ile ile.

Apareyi za mtego: picha bila mpiga picha

Picha nyingi za wanyama wa pori leo hazipigwi na mtu. Zinapigwa na apareyi ya mtego. Ni sanduku ndogo, ya rangi ya majani ao ya udongo, yenye kufungwa kwenye mti. Ndani yake kuna chombo chenye kuhisi joto linalotembea. Mnyama akipita, joto lake linabadilisha kile chombo kinaona, na apareyi inapiga. Usiku inatumia mwangaza wenye macho ya mtu hayaoni. Juu ya kila picha kunabaki tarehe na saa, na mara nyingi kiasi cha joto.

Kuiweka vizuri ni kazi. Inafungwa kwa urefu wa goti ao paja la mtu mzima, kando ya njia yenye wanyama wanapitia, sawa vile karibu na maji ao chini ya mti wenye matunda. Haitazamishwe upande jua linatokea ao linaingilia, juu mwangaza utaharibu picha na joto litaidanganya. Majani ya mbele yanaondolewa kidogo, ili upepo ukiyatikisa apareyi isipige picha 1 000 za majani. Katika misitu ya Ituri na Maniema adui mkubwa ni unyevu: maji yanaingia, mchwa wanajenga ndani, mabetri yanakufa. Tembo nao wanaweza kuing'oa.

Faida yake ni hesabu. Watafiti wanaweza kujua wanyama gani wako, wanatembea saa ngapi, na kama wanapungua. Kwa wanyama wenye alama, picha inaonyesha hata mtu yule yule, kama tunaweza kusema hivyo: twiga wa Garamba wanatofautishwa kwa mabaka yao, okapi kwa mistari ya miguu, chui kwa madoa. Gorila wanajulikana kwa mikunjo ya pua. Kila gorila ana pua yake, na walinzi wenye kuwafwata kila siku wanazijua sawa vile mwalimu anajua nyuso za wanafunzi.

Lakini apareyi ya mtego haichagui. Inapiga pia mama mwenye kutafuta kuni, mtoto mwenye kuokota uyoga, na mwindaji. Hapa njo ugomvi unaanza. Wakaaji wakikuta sanduku kwenye mti bila mtu kuwaeleza, wanafikiri ni kifaa cha kuwapeleleza, ao cha kutafuta madini, na wanaivunja. Vikundi vya utafiti vyenye kufanya kazi vizuri vinaanza kwa chifu na wazee wa kijiji, vinaeleza apareyi inafanya nini, vinasema picha za watu zitafanywa nini, na baadaye vinarudi kuonyesha kijiji picha za wanyama. Kijiji chenye kuona picha ya okapi ao ya chui kutoka pori yake mwenyewe kinaelewa haraka kuliko kijiji chenye kusomewa barua tu.

Kwa gorila: meta 10, barakoa, saa moja

Gorila na mtu ni ndugu wa karibu katika damu. Kwa sababu hiyo mafua yetu yanaweza kuwaua. Gorila wa milima, wenye kuishi Virunga upande wa Kongo, Rwanda na Uganda, na Bwindi huko Uganda, walikuwa 1 063 kufwatana na hesabu za mwisho za fasi hizo mbili. Gorila wa mabonde ya mashariki, wenye kupatikana Kongo peke yake, sawa vile Kahuzi-Biega, Maiko na misitu ya kati yao, walikadiriwa kuwa 3 800 mwaka 2016, na utafiti wa 2021 ukapandisha makadirio mpaka 6 800, juu ya namna bora ya kuhesabu. Kwa jamaa ndogo hivyo, ugonjwa moja unatosha kuleta msiba mkubwa.

Kwa mwenye kwenda kupiga picha, kanuni ni hizi:

- Kubaki mbali meta 10 ao zaidi. Gorila akikaribia yeye mwenyewe, mtu anarudi nyuma pole pole, kufwatana na maneno ya mlinzi.
- Kuvaa barakoa wakati wote mbele yao.
- Kutokaa zaidi ya saa moja.
- Kutokwenda kabisa kama mtu anakohoa, ana homa ao tumbo linaharisha, hata kama amekwisha kulipa.
- Kutotumia flashi. Inawashtua, na mgongo mweupe mwenye kushtuka anaweza kuruka juu ya mtu.
- Kutokula, kutotema mate, kutoacha karatasi ao kitambaa cha pua.

Mlinzi ana haki ya kusimamisha matembezi wakati wowote. Kumpa makuta ili akuache ukaribie ni kununua ugonjwa wa gorila. Na ni kumuweka mlinzi mwenyewe katika hatari ya kupoteza kazi, yeye mwenye wenzake zaidi ya 200 wameuawa wakilinda Virunga peke yake.

Picha yenye kuonyesha mwindaji njia

Jambo lenye watu wengi hawalijui ni kwamba telefone inaandika ndani ya picha fasi ilipopigwa. Mtu akiitia kwenye intaneti jinsi ilivyo, mwingine mwenye akili mbaya anaweza kusoma kipande hicho cha siri na kujua mti, kilima na saa. Kwa tembo mwenye meno makubwa, kwa kakakuona, kwa kiota cha kasuku, hiyo ni hatari ya kweli.

Kasuku wa kijivu, mwenye kukamatwa sana Maniema na Tshopo, aliwekwa mwaka 2016 kwenye kiwango cha juu cha ulinzi cha mkataba wa CITES, kile chenye kukataza biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini. Aina zote za kakakuona ziliwekwa huko mwaka ule ule. Ndani ya inchi, sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 juu ya ulinzi wa asili inaadhibu mwenye kuua, kukamata ao kuuzisha wanyama waliolindwa.

Namna ya kujikinga iko rahisi:

- Kuzima alama ya fasi katika apareyi ya telefone kabla ya kuingia porini. Inapatikana katika mipangilio ya kamera.
- Kuangalia nyuma ya mnyama. Kilima chenye kujulikana, daraja ao kibao cha kijiji vinasema fasi hata kama telefone imenyamaza.
- Kutaja jimbo ao parki tu, bila kutaja kijiji wala mto.
- Kungoja. Picha ya tembo yenye kutoka kiisha mwezi moja haimsaidii mwindaji wa leo.
- Kutoonyesha viota, mapango wala fasi ya kulala.

Programu ya iNaturalist, yenye watu wengi wanatumia kutambua wanyama na mimea, inaficha yenyewe fasi kamili ya aina zilizo katika hatari, na kuacha eneo kubwa la karibu kilometa 20 kila upande. Hata hivyo ni vizuri mtu mwenyewe ahakikishe.

Kuna pia picha za vitoto: sokomutu mdogo amevaa nguo za mtoto, kasuku katika kikapu, nyani amefungwa kamba. Zinachekesha, watu wanazisambaza kwa WhatsApp, na wenye kuuza wanazitumia kama tangazo. Ili kupata kitoto cha sokomutu, wawindaji kwa kawaida wanaua mama yake na mara nyingi wakubwa wengine wenye kumlinda. Mwezi wa 9 mwaka 2022, watu waliiba sokomutu wadogo 3 kwenye kituo cha J.A.C.K. huko Lubumbashi na kutuma video yao ili wadai makuta. Kusambaza picha kama hizo kwa kicheko ni kusaidia soko, hata kama mtu hakukusudia.

Ruhusa na usalama

Ndani ya parki na hifadhi zote, ruhusa inatoka kwa ICCN. Matembezi ya kawaida yana bei yake. Filamu, matangazo na picha za biashara zinaombwa mbali, kwa barua, kabla ya safari. Drone haipaswi kurushwa bila ruhusa ya wazi. Inatisha wanyama na ndege, na katika majimbo yenye vita askari wanaweza kufikiri ni ya adui.

Nje ya parki pia kuna adabu. Pori ni ya watu: ya kijiji, ya ukoo, ya usultani. Mwenye kupita na apareyi kubwa bila kujitambulisha kwa chifu anajitafutia maneno. Lensi ndefu, kutoka mbali, inafanana na silaha. Askari, barriere, kambi, uwanja wa ndege na daraja havipigwi picha, hata kama ndege mzuri ametua juu yake. Na kabla ya kutoka, mtu anauliza hali ya njia kwa wenyeji wa siku ile, hata kama aliuliza wiki iliyopita. Parki ya Virunga yenyewe ilifungia watalii tangu katikati ya mwaka 2018 mpaka mwanzo wa 2019 kiisha shambulizi na utekaji nyara, na ikafunga tena mwaka 2020 juu ya korona. Hakuna picha yenye kulingana na maisha ya mtu.

Namna ya kupiga vizuri, hata bila makuta mengi

Apareyi yenye lensi ndefu iko bei kali. Lakini mazoezi hayangoji apareyi. Kando ya ziwa Kivu, kutoka Bukavu mpaka Idjwi na Goma, mtu anaweza kuona mdiria, mnandi na mwewe bila kulipa mlango. Katika bonde la Ruzizi, karibu na Uvira, viboko na ndege wa maji hawako mbali na watu. Shamba la maharagwe, mti wa parachichi wenye matunda na kisima cha kijiji ni shule nzuri.

*Mwangaza.* Saa mzuri ni kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, na tena jioni kabla ya jua kuingia. Saa 6 ya muchana jua la ikweta linaanguka wima na linatengeneza vivuli vyeusi chini ya macho. Jua liwe nyuma ya mpiga picha.

*Weusi na weupe.* Apareyi inafikiri kila kitu ni cha rangi ya kati. Ikiona gorila mweusi, inazidisha mwangaza na manyoya yanakuwa ya kijivu. Inafaa kupunguza mwangaza kidogo. Ikiona yangeyange mweupe, inafanya kinyume, na inafaa kuongeza. Kwenye telefone, mtu anagusa kioo juu ya mnyama, kisha anavuta alama ya jua juu ao chini.

*Mwendo.* Kwa ndege mwenye kuruka, mwendo wa kufunga uwe 1/1000 ya sekunde ao zaidi. Kwa gorila aliyekaa kivulini, 1/250 inaweza kutosha. Katika msitu wenye giza, ISO ya 1600 mpaka 3200 inaleta chembechembe kidogo, lakini picha yenye chembechembe iko bora kuliko picha yenye kutikisika.

*Jicho.* Picha ya mnyama inasimama juu ya jicho. Jicho likiwa wazi, mtu anasamehe mengine.

*Telefone.* Kuvuta kwa vidole kunakata picha tu, hakuleti mnyama karibu. Afadhali kupiga bila kuvuta na kukata baadaye. Wengine wanaweka kamera ya telefone kwenye tundu ya darubini, yaani jumele, na kupata picha nzuri ya ndege wa mbali. Inaomba mkono mtulivu na mazoezi ya siku chache.

*Uvumilivu.* Mwenye kukimbilia ndege hamupati. Mwenye kukaa chini ya mti wenye matunda saa 2, bila marashi wala nguo ya rangi kali, ndege wanamuzoea. Kutia sauti ya ndege kwa telefone ili atoke kunafaa kidogo tu. Kukizidi, ndege anafikiri adui ameingia kwake, anaacha kulisha vitoto na kuanza kupigana na hewa. Majani mbele ya kiota hayakatwe hata siku moja, juu yanaficha mayai mbele ya mwewe na nyoka.

Picha ni ya nani?

Kwa miaka mingi, picha za wanyama wa Kongo zilipigwa na wageni na kuonwa na wageni. Mtoto wa Walikale ao wa Mambasa anaweza kumaliza shule bila kuona picha nzuri ya okapi ao ya gorila wa kwao, wakati kalenda zenye picha hizo zinauzwa Ulaya. Na nyuma ya picha nyingi kuna watu wasioandikwa jina: wafwataji wa nyayo, wengi wao Bambuti na Batwa, wenye kujua mnyama amelala wapi kwa kuangalia jani moja lililokunjwa.

Kwa Batwa wa Kahuzi-Biega jambo hilo lina uchungu zaidi. Parki iliundwa mwaka 1970, na katika miaka ile waliondolewa katika pori ya mababu zao. Mwaka 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi kwamba haki zao zilivunjwa. Kwa hiyo picha ya pori "tupu, bila watu" haisemi ukweli wote. Mwenye kupiga huko anapaswa kujua kwamba pori ile ina wenyewe, na kwamba mtu hapigwi picha sawa vile mnyama: anaulizwa kwanza, anaweza kukataa, na akikubali anapewa picha yake.

Telefone zimeanza kubadilisha hali hiyo. Mvuvi wa Vitshumbi, kwenye ziwa Edward, mwenye kupiga kiboko kutoka mtumbwi wake, anaweza kuwa na picha yenye mtaalamu wa mbali hana. Thamani yake inaonekana ukijua kwamba viboko wa Virunga walikuwa karibu 30 000 katika miaka ya 1970 na wakashuka chini ya 1 000 katika miaka ya vita. Kila picha yenye tarehe ni ushuhuda kwamba wangali wako.

Ukimuona mnyama wa shida

Mkaaji akimukuta mnyama aliyelindwa amefungwa, amejeruhiwa ao anauzishwa, picha inaweza kusaidia sheria, lakini kwa masharti. Kwanza usalama: usipige mbele ya muuzaji ao mtu mwenye silaha. Pili, usinunue mnyama "ili kumuokoa", juu muuzaji atarudi porini kutafuta mwingine. Tatu, picha yenye tarehe, pamoja na jina la fasi, ipelekwe kwa ofisi ya ICCN ya karibu, isiwekwe kwenye WhatsApp. Vitoto vya sokomutu na nyani wenye kukamatwa Kivu ya Kusini wanaweza kupelekwa kwenye kituo cha Lwiro, chenye kupokea yatima wa pori tangu mwaka 2002. Nne, usimubebe wala kumulisha mnyama wa nyani bila kuosha mikono na kufunika mdomo; ugonjwa unapita pande zote mbili.

Na kama mnyama hana shida yoyote, yuko tu anakula, anaangalia, anapita, basi mtu apige picha yake moja ao mbili kutoka mbali, kisha amuache aendelee na njia yake.